Sakafu Ilivyonishtaki kwa Kabati

Usiku wa jana, mwanangu Salwa akiwa amefungwa tumboni kwangu kama kawaida yetu, niliota kwamba sakafu ya chumba chetu imekwenda kunishtaki.

Habari nililetewa na ndala. Haikuwa ndala ya mtu baki. Ilikuwa yangu mwenyewe, ya bluu, ya mguu wa kushoto, ile iliyochukuliwa na maji mwezi wa nne mwaka jana. Ilibisha hodi kistaarabu, ikangoja mlangoni.

"Karibu," nikasema. "Mwenzio yuko wapi?"

"Nani?"

"Wa kulia."

"Tuliachana njiani," ndala ikasema. "Siku hizi naishi na buti moja la mvua huko bondeni. Tumetulia. Lakini sikuja kwa hayo, Mama Salwa. Unaitwa serikali ya mtaa. Sakafu imekushtaki."

Nikatazama chini. Kweli, sakafu haikuwepo. Kitanda kilikuwa kimesimama, meza imesimama, ndoo imesimama, lakini vyote vilisimama hewani, vimejikaza, kama watu waliofika msibani wakawa wanangoja kuonyeshwa pa kukaa.

"Imeondoka saa ngapi?" nikauliza.

"Mapema," kitanda kikajibu. "Wala haikuaga."

Hapa inabidi nieleze, maana hata ndotoni nilieleza. Mafuriko yalipoingia bondeni tulikokuwa tunakaa, Salwa alikuwa na miezi kumi. Ndiyo kwanza alikuwa anajishikiza kwenye mguu wa meza, anasimama, anacheka, anaanguka kwa makalio. Mume wangu Hamduni ni fundi wa kuchomelea, na usiku ule alikuwa mji wa pili akitengeneza mageti. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, nikapanda juu ya meza, na maji yakanifuata huko huko mezani mpaka magotini. Nikasimama mpaka kulipokucha. Hatukufa. Watu waliniambia nimshukuru Mungu, nikamshukuru, na mpaka leo namshukuru. Ila tangu asubuhi ile sijamshusha Salwa chini.

Sasa tumepanga huku juu mlimani, chumba na sebule, pakavu. Salwa ana mwaka mmoja na miezi saba. Anatoka mgongoni anaingia mapajani, anatoka mapajani anapanda kitandani. Watoto wa umri wake wanafukuza kuku. Kliniki, Sista Felisia alimkanda miguu, akampigapiga nyayo, akaniambia, "Miguu ya mtoto haina shida, mama. Tuanze na wewe." Wifi yangu Mwajabu hana lugha ya hospitali. Yeye huniambia, "Wifi, huyu mtoto atakuja kufundishwa kutembea na mume wake."

Sista Felisia huyo huyo ndiye aliyetufundisha, sisi kina mama wa bondeni, kwamba woga ukikupanda utaje vitu unavyoviona, kimoja kimoja kwa jina lake, mpaka mwili ukubali kwamba uko hapa na hauko kule. Basi kila mvua ikigonga bati mimi hutaja. Ukuta. Ndoo. Dirisha. Husaidia kidogo.

"Ndipo ilipo kesi yenyewe," ndala ikasema, ingawa nilikuwa sijafungua mdomo. "Twende."

Nafungua mlango ili nitokee uani, natokea darasani.

Ni darasa letu la jioni, lile ninalokwenda Hamduni akisharudi kazini, isipokuwa waliokaa kwenye madawati ni vitu vya chumbani kwangu. Nje mvua inagonga bati. Moyo unaanza kwenda mbio. Mwalimu hajafika, kwa hiyo mahudhurio ninaita mimi.

"Ukuta."

"Nipo."

"Ndoo."

"Nipo, ila nimetoboka."

"Dirisha."

Kimya.

"Dirisha limekwenda msibani," pazia linasema. "Kioo kimefariki."

"Poleni sana. Meza."

"Nipo," meza inasema. "Na safari hii usinipande."

"Salwa."

"Nipo, mama."

Sauti ilitoka mgongoni kwangu, na haikuwa ya mtoto. Nikageuza shingo. Salwa alikuwa msichana wa shule, na sare yake, na nywele zimesukwa mistari. Miguu ameikunja ili isiguse chini. Nyayo zake zilikuwa laini kama mkate wa maziwa.

"Umekua lini?" nikamuuliza.

"Ulipokuwa unaita ndoo," akasema. "Jishikilie vizuri, mama, sasa hivi naingia sekondari."

Kweli, aliingia. Niliusikia uzito.

"Umeruka jina moja," ndala ikaniambia.

"La nani?"

"Hukohuko mbele utaambiwa."

Nainama kuokota chaki. Nikiinuka niko harusini.

Ukumbi umepambwa, watu wamekaa, na Mwajabu ameshika kipaza sauti, amevaa gauni la kung'aa mpaka linaumiza macho. Bibi harusi ni Salwa. Yuko mgongoni kwangu, shela lake linanifunika mimi usoni, kwa hiyo harusi yote naitazama kama mtu aliye ndani ya chandarua. Kwa mbali naona bwana harusi anakuja, mrefu, suti ya kijivu, kijana wa heshima zake. Anakuja kwa kuyumba kidogo. Anapofika karibu naelewa kwa nini. Amebebwa na mama yake.

"Shikamoo, mama mkwe," ananiamkia kutoka huko juu.

"Marahaba, baba. Karibu."

"Samahani, mama, nilikuwa nauliza. Tukishaoana, mimi nitakaa wapi?"

Nikapima mgongo wangu kwa mkono. "Upande wa kushoto pana nafasi."

"Nina begi."

"Begi litakaa mbele."

"Na watoto, Mungu akitujalia?"

"Tutanunua kanga nyingine."

Aliridhika. Mwajabu akapiga kigelegele kwenye kipaza sauti, kisha akasema, "Jamani, nilisema atafundishwa na mume, sikujua kwamba mume mwenyewe naye ni mwanafunzi!" Watu wakacheka. Mimi na mama wa bwana harusi hatukucheka. Tulikuwa tunahema.

Tukasogeleana, kwa sababu ndivyo harusi inavyotaka. Alikuwa mama mnene kiasi, uso mzuri, na shingo ameiinamisha kama anayetafuta kitu chini.

"Sisi ilikuwa moto," akaniambia kwa sauti ndogo. "Nyie?"

"Maji."

"Mgongo?"

"Unauma."

"Na mimi." Akamweka mwanawe sawa kwa kumrusha kidogo, vile vile ninavyomrusha Salwa. "Umewahi kumshusha?"

"Bado. Wewe?"

"Nangoja moto uishe kwanza."

"Kwani uliwaka lini?"

Akafikiri. "Alikuwa hajaota meno," akasema.

Nikamtazama kijana. Alikuwa na ndevu.

Nikataka kumwambia yule mama neno, neno zuri, lakini nilipofungua mdomo ukumbi ukawa umekwisha na tulikuwa tunashuka bondeni, mimi, ndala, na Salwa mgongoni.

Bondeni hapakuwa tena na nyumba za watu. Palikuwa pamehamia vitu vyote vilivyochukuliwa na maji. Tope lilikuwa lile lile la kijivu, linateleza kama sabuni, lakini maisha yalikuwa yanaendelea. Sufuria mbili zilikuwa zinabishana kisimani. Godoro lilikuwa limejianika juani, linasalimia wapita njia. Redio ya jirani yetu wa zamani ilikuwa inauza maandazi, na mtu akinunua inamtangazia taarifa ya habari ya mwaka jana. Nikaliona na buti la mvua, limesimama mlangoni. Ndala ikaniambia, "Shemeji yako huyo," nikalisalimia kwa mkono.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amekaa chini ya turubai. Nilipomkaribia nikamtambua. Lilikuwa kabati langu la vyombo, lile nililopewa na mama nilipoolewa, kioo chake kimoja kina ufa, na vikombe vyangu vyote vimo ndani.

"Kabati!" nikasema. "Ni wewe?"

"Mwenyekiti," likanisahihisha.

"Samahani, mwenyekiti. Umefikaje huku?"

"Nilikuja na maji kama wengine. Ila mimi nilifika nimesimama wima. Wakaona nafaa." Likafunga mlango wake mmoja uliokuwa umeachia. "Kaa. Ah, huwezi kukaa. Basi simama. Mlalamikaji asogee."

Sakafu ilikuwa kwenye benchi, imejikunja kama mkeka, imenipa kisogo. Nikaitambua kwa ule weusi wa mahali ninapoweka jiko.

"Mwenyekiti," sakafu ikaanza, "huyu mama namheshimu. Asubuhi ananifagia, jioni ananipiga deki. Hajanitukana. Lakini woga ukimpanda anataja vitu vyote vya nyumba ile. Anataja ndoo iliyotoboka. Anataja msumari wa kutundikia kalenda. Mimi niliyembeba yeye na ndoo yake hanitaji. Na mtoto wake sijamgusa hata kidole. Mtoto amekaa na mimi miezi yote hiyo, hatujuani! Sasa mimi ni sakafu ya nini?"

Vitu vikanung'unika kwa huruma.

"Mama Salwa, jibu," kabati likasema.

"Nina swali kwanza," nikasema. Nilikuwa nimepandisha hasira. "Siku ile maji yanaingia, sakafu ilikuwa wapi? Nilikanyaga chini sikukuta chini. Niulizieni!"

"Ile ilikuwa sakafu nyingine," sakafu ikasema pole pole. "Ya udongo. Mimi ni ya saruji, ya huku juu. Mama, unanishika kwa kosa la mtu nisiyemjua."

Nikaomba Mvua iitwe shahidi.

Mvua ikaja imejikinga na mwavuli. Ilikuwa mtu mzima, imevaa vizuri, ina haraka. Kabati likaiuliza, "Unamfahamu mama huyu?"

Mvua ikanitazama muda mrefu. "Hapana."

"Mwezi wa nne," nikasema. "Bondeni hapa hapa. Nilikuwa juu ya meza."

"Mwezi wa nne nilikuwa na kazi nyingi, dada."

"Mimi nakukumbuka kila siku! Wingu likipita tu nafungasha. Nalala na viatu. Wewe hunikumbuki hata sura?"

"Nisamehe," Mvua ikasema, na kwa kweli ilionekana kuona haya. "Mimi nikishanyesha nimenyesha." Ikaomba ruhusa, ikaondoka, ina shamba la watu linaingoja.

Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa vitisho, kwa lolote. Kwamba haikuwa na habari na mimi, kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Kuna shahidi mwingine?" kabati likauliza.

"Nipo mimi," sauti ikatoka kifuani kwangu, kwenye fundo.

Ilikuwa kanga. Ile ile ya usiku ule. Nyingine zipo, lakini kumbebea Salwa huwa natumia hiyo tu. Nikiifua namshika mkononi mpaka ikauke.

"Jina lako?"

"Lilikuwa limeandikwa hapa chini kwenye pindo. Matope yalilifuta."

"Sema unachojua."

"Mimi usiku ule nilikuwa katikati yao," kanga ikasema, "kwa hiyo najua. Mwanzoni mama alimshika mtoto. Alinifunga kwa nguvu mpaka nikachanika kidogo hapa. Halafu maji yakafika magotini, mama akaanza kutetemeka. Miguu ikataka kujikunja. Mtoto alikuwa amelala. Anapumua zake tu, na joto lake linashuka mgongoni kwa mama kama mtu anamimina chai. Mama akaacha kusikiliza maji, akaanza kusikiliza ile pumzi. Ndiyo maana hakuanguka. Tangu hapo, mwenyekiti, sijui nani amembeba nani. Ila mtoto ndiye aliyemshika mama."

Ndani ya kabati vikombe viligongana kidogo, kama mtu amekohoa.

"Ni kweli hayo, Mama Salwa?"

Nilitaka kusema kanga inanizulia. Nilitaka kusema ni maji, ni tope, ni nyoka, ni mtoto kukanyaga msumari. Hayo ndiyo ninayowaambia watu wote, Hamduni, Mwajabu, hata Sista Felisia.

"Ni kweli," nikasema. "Nikimshusha mgongo unapata baridi. Na mgongo ukipata baridi, mimi niko juu ya meza."

Kitu kikanigusa shavuni. Zilikuwa nywele za Salwa, na zilikuwa na mvi. Sikuwa nimemtazama tangu harusini. Mikono yake iliyozunguka shingo yangu ilikuwa mikono ya bibi, ngozi imelegea, pete imebana kidoleni.

"Mama," akaniambia sikioni, bila kinyongo, kama anayeuliza maji ya kuoga yamechemka, "nikushike mpaka lini?"

Nikaigeukia sakafu. "Nikimshusha, utaniahidi?"

"Nikuahidi nini?"

"Kwamba maji hayatakuja tena. Kwamba utakaa."

Sakafu ikafikiri. Nashukuru kwamba ilifikiri. "Siwezi," ikasema. "Mimi ni saruji na mchanga, mambo ya maji sijui. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba asubuhi ukiamka nitakuwepo. Kesho yake tutaongea tena kesho yake."

"Itaje," kabati likaniambia.

"Sakafu," nikasema.

"Nipo."

Ikajikunjua mbele yangu, juu ya tope, inalia viungo kama mtu aliyekaa vibaya muda mrefu. Nikashika fundo. Halikufunguka. Nikalivuta, nikaling'ata kwa meno.

"Vuta ncha ya kushoto," kanga ikasema. "Nakuambia tangu mwaka jana."

Nikavuta ya kushoto. Fundo likaachia kama halikuwahi kuwa fundo. Salwa akaanza kuteleza mgongoni kwangu, na kadiri alivyoteleza ndivyo alivyopungua, bibi, bibi harusi, msichana wa shule, mpaka nilipogeuka kumdaka alikuwa Salwa wangu wa mwaka na miezi saba, na kinywa wazi.

Mguu wa kwanza uliikosa sakafu. Ukaingia kwenye tope.

Nikapiga kelele. Mtaa mzima uligeuka. Salwa akautazama mguu wake, akakunja vidole, tope likapenya katikati yake, na akacheka. Alicheka kile kicheko cha mguu wa meza, ambacho nilidhani kilichukuliwa na maji pamoja na kabati. Akauinua mguu, akauweka kwenye sakafu, na mwingine akauweka kando yake. Akasimama. Akapiga hatua kumfuata mwenyekiti.

Mgongo wangu ukawa baridi. Nikafumba macho, nikangoja kurudi juu ya meza.

Sikurudi. Ilikuwa baridi tu, ya kawaida, ya mtu aliyevua kanga.

"Kesi imekwisha," kabati likasema. "Sakafu, rudi nyumbani. Mama Salwa, nenda kwa amani. Vikombe nabaki navyo."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Hamduni alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu, anajiandaa kwenda kazini. Kanga ilikuwa juu ya kiti, imekunjwa vizuri, pindo kwa pindo. Sikumbuki kuivua, na Hamduni hajui kukunja kanga. Salwa alikuwa amelala kwa kukatisha kitanda, kichwa upande wa baba yake, miguu puani kwangu.

Nikaitazama miguu ile. Katikati ya kidole gumba na kidole cha pili, mguu wa kulia, kulikuwa na tope. Dogo, kiasi cha punje ya mchele. Nikaligusa. Lilikuwa bado bichi.

"Baba Salwa," nikasema, "umemshusha mtoto?"

"Mimi?" Hamduni akaacha kamba. "Nimshushe ili unitoe roho asubuhi yote hii? Sijamgusa."

Udongo wa huku mlimani ni mwekundu. Ukiukanyaga hata soksi hazitakati. Tope lile lilikuwa la kijivu.

Sikulifuta. Nje manyunyu yakaanza kugonga bati, kidogo kidogo, na moyo wangu, kama kawaida yake, ukainuka kwenda kufungasha. Ukuta, nikasema. Ndoo. Dirisha. Hamduni. Salwa akaamka, akajisogeza mpaka ukingoni mwa kitanda, akaning'iniza miguu, akanitazama.

"Sakafu," nikasema kwa sauti.

Hamduni akageuka. "Imefanya nini?"

Sikumjibu. Sakafu nayo haikujibu. Nikamshika Salwa kwapani, nikamteremsha polepole, huku mgongo wangu ukipata baridi, mpaka miguu yake ikafika chini. Ikakuta kitu.